Sauti Aliyoiomba Mama

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Leodegar,

Shikamoo. Natumaini bahasha hii inakukuta mzima wa afya huko Mwanza, wewe na wifi Anjelina na wanangu wote. Huku kwetu tunajikongoja. Joto limetubana, foleni ya Tegeta ndiyo hiyo unayoijua, na mama yupo hapa Dar, Mtoni kwa baba mdogo Nikodemu akisubiri kikao cha ukoo cha Jumamosi. Presha yake imeshuka kidogo. Kula anakula, ila mpaka abembelezwe.

Najua utashangaa mdogo wako kukuandikia kwa kalamu, tena barua imeletwa na kondakta wa basi, wakati simu tunazo. Ni kazi yangu iliyoniharibu. Mtu anayeshinda ofisini akitoa kwenye simu za watu yale waliyodhani wameyafuta, hathubutu tena kuweka jambo zito kwenye simu. Karatasi ukiichoma, imeungua kweli.

Kaka, mwenzio nimepigwa na butwaa. Tangu juzi natembea kama niliyemwagiwa maji ya baridi. Naomba usome taratibu, na kama wifi yupo karibu, nenda ukakae peke yako.

Nianzie pale kwenye mkeka. Unakumbuka siku ya kuanua tanga kule Muleba, vitu vya marehemu Allen vilipotandazwa ili vigawiwe: mashati, viatu vya kazini, redio, na ile simu yake. Mama hakutaka kingine chochote. Alitaka simu, kwa sababu wakati ule presha ilimzuia kusafiri kuja Dar kumuuguza, na alijua kitinda mimba wake hakupenda kuandika, alikuwa mtu wa kurekodi sauti. Alisema anataka tu kusikia mwanawe alikuwa akiongea nini kule hospitali, siku zake za mwisho. Baba mdogo akaiwasha mbele ya watu. Hamna kitu. Jumbe zote za hospitali zimefutwa. Wifi Jenipher, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akasema ni yeye aliyezifuta. Alipoulizwa sababu, akaanza kukunja mashati ya marehemu.

Hapo ndipo uliposimama, kaka. Ulisema mwanamke asiye na hatia hafuti simu ya marehemu mumewe. Baada ya hapo kila mtu akapata la kuongeza: mara alikuwa na bwana nje, mara dawa za figo alikuwa hampi mgonjwa kwa wakati. Na Jumamosi hii, kwa hoja yako uliyompa baba mdogo, kikao kinakwenda kumtoa Jenipher kwenye nyumba ya Kibamba, nyumba aliyoijenga na mumewe tofali kwa tofali. Nami sikukupinga. Nilimwona mkosaji kama mlivyomwona.

Mama alinipa ile simu kimyakimya, imefungwa kwenye kanga, akaniomba nimtafutie sauti. Nilipokueleza, ulinijibu nisijisumbue, kilichofutwa kimefutwa. Nikadhani unanihurumia.

Ofisini kwetu ni marufuku kushika simu ya ndugu yako, basi kazi aliifanya bosi wangu Khalfani, mie nimekaa pembeni. Kwanza anatoa nakala ya kila kilichomo, halafu anafanya kazi kwenye nakala, simu yenyewe haiguswi tena. Ukifuta ujumbe, kaka, kwa kawaida simu haiubomoi hapo hapo. Ni kama mtu ameng'oa kibao cha namba kwenye nyumba. Nyumba ipo, mpaka mwingine aje ajenge juu yake. Na kwa kuwa baba mdogo aliizima simu pale pale kwenye mkeka, juu yake hakikujengwa kitu. Vingi vilikuwa vimeharibika, lakini sauti mbili zikarudi nzima.

Khalfani akabonyeza ya kwanza. Akasikiliza, akanigeukia, akauliza nani huyu anayekohoa mara mbili kabla hajaanza kuongea. Nikamwambia simjui. Kaka, nilimwambia simjui! Mtu ambaye kikohozi chake kilikuwa kinatufanya tuache mchezo na kukimbilia madaftari tukiwa wadogo.

Ulikuwa unamwambia Allen akusamehe. Kwamba majibu ya vipimo vyako hayakukataa, yalikubali. Kwamba figo yako ilimfaa, daktari alikwambia hivyo wewe peke yako, nawe ukatoka ukatudanganya wote kwa sababu unaogopa kisu na una watoto wanaokutegemea. Ukamwomba ahakikishe mama hajui kamwe. Ukamwomba afute.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikumbuka siku ile nje ya maabara. Mie nilikuwa nimeshakataliwa kwa sababu ya kundi la damu, tumaini letu lilibaki kwako. Ukatoka unatikisa kichwa. Nikakukumbatia, nikakununulia soda, nikakwambia si kosa lako, ni mipango ya Mungu. Na soda ukainywa.

Nilikwenda Kibamba siku hiyo hiyo. Nilimkuta Jenipher anapanga vyombo kwenye maboksi. Nilipomwambia nimesikia, alikaa chini kwenye sakafu. Akasema ni Allen mwenyewe aliyemtaka afute, vidole vyake vilikuwa vimevimba, hawezi kubonyeza. Allen alimwambia kwamba mama akijua, atazika watoto wawili kwa mpigo. Jenipher akamwapia. Nikamuuliza kama yupo tayari kufukuzwa kwenye nyumba yake kwa ajili ya kiapo hicho. Akasema ameshaanza kufungasha, sioni? Halafu akanishika mikono akiniomba na mie nifute nakala. Mwanamke tuliyemwona mkosaji, kaka, ndiye aliyekuwa anakulinda wewe.

Sikulaumu kwa figo. Nataka hilo ulijue kabisa. Figo ni yako, hofu ni ya kila binadamu, na ungesema kweli siku ile ningekukumbatia vile vile. Kinachonitetemesha ni kwamba ulijua kilichofutwa ni nini, na bado ukasimama mbele ya mkeka ukamnyooshea kidole mjane.

Sasa sauti ya pili. Ni Allen anakujibu. Hiyo ndiyo sauti yake pekee ya hospitali iliyorudi, hakuna nyingine, tumetafuta mpaka mwisho. Anahema kwanza. Halafu anasema hivi, nimeyaandika kama alivyoyasema: “Kaka Leo, usilie bwana. Mie nimekuelewa, wala sina kinyongo. Ila naomba kitu kimoja tu. Nikiondoka, usikubali mtu amsumbue Jenipher. Nakuachia wewe.”

Mama anauliza kila asubuhi kama nimepata chochote. Jana nilipokwenda Mtoni nilishindwa kumdanganya. Nimemwambia imepatikana moja. Alipiga magoti pale pale uani akashukuru. Anataka ifunguliwe Jumamosi, mbele ya kikao, kila mtu amsikie mwanawe.

Nitaifungulia, kaka. Jenipher amenikataza, lakini mie sikumwapia Allen chochote, na siwezi kumnyima mama sauti aliyoiomba. Ila mama akiisikia kabla hujamweleza, ataniuliza Allen alikuwa anamsamehe Leo kwa lipi, na nitamjibu. Panda basi la Ijumaa. Ufikie Mtoni, umpigie magoti, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Ukishamaliza, uende Kibamba ukamsaidie Jenipher kutoa vyombo kwenye maboksi.

Msalimie sana wifi Anjelina, na wabusu wanangu. Mama anakusalimu, anasema wewe ndiye mwanaume aliyembakia. Baba mdogo naye anakusalimu na anakusubiri uongoze kikao.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na bado nakupenda,

Jovina