Viza ya Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Kwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Hujambo? Mumeo naye hajambo? Barua hii naipiga picha kwa simu kama ulivyonifundisha. Kuongea kwenye simu sikuwezi, nasikia nusu nusu.

Mimi sijambo, ukiondoa huu uvimbe wa tumboni. Daktari amesema atanipasua Jumanne ya tarehe 19. Tangu mama yako atutoke sina mwingine wa kuwa naye siku hiyo, kwa hiyo njoo, mama. Na huyo mumeo nisiyewahi kumwona, mtafutie viza mapema, maana pasipoti yake ni ya kwao, na maofisa wetu unawajua kwa njoo kesho. Wakimbania, mwache huko huko. Mimi nakutaka wewe.

Nimewashonea mapazia mapya ya chumbani. Mumeo akiyacheka, akumbuke fundi cherehani ana mkasi.

Baba yako

Jumatano, 13 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Unakula? Sisi wazima, ila tumechoka.

Viza ya mkweo imetoka! Ya utalii, mwezi mmoja. Ubalozini wametuzungusha hadi basi: mara picha ina kivuli, mara cheti cha ndoa kitafsiriwe, mara barua ya mwajiri haina muhuri. Karani alimkazia macho mume wangu kana kwamba amekuja kuiba viti. Nilipomsalimia kwa lugha yetu, uso ukafunguka. Nikampa na pasipoti yangu, akanirudishia bila hata kuitazama. "Dada, wewe si unakwenda nyumbani? Viza ya nini tena?" Tukacheka wote.

Jumamosi tuko mlangoni kwako.

Mwanao, Chiriku

Ijumaa, 15 Machi, uwanja wa ndege

Baba, shikamoo.

Anayekupa barua hii ndiye mume wangu. Mimi sipo. Sikutaka usome haya ukiwa peke yako.

Dada wa kaunta ya ndege amefungua pasipoti yangu akauliza viza iko wapi. Nikamwambia nakwenda kwetu. Akasema pasipoti hii si ya kwenu. Na ni kweli, baba! Ni ile ya huku niliyopewa mwaka juzi, uliyowatangazia majirani mpaka wakakukimbia. Ya zamani niliirudisha. Sote tulishangilia, na hakuna aliyefikiri kwamba sasa mgeni ni mimi.

Mume wangu alitaka kubaki. Nimemsukuma aende, usije ukaingia hospitali peke yako. Jumatatu nitawahi ubalozini. Nisamehe, baba.

Mwanao

Jumatatu, 18 Machi, wodini

Kwa mwanangu,

Salamu. Afya yangu waulize madaktari.

Nilifungua mlango nikakuta mtu mrefu ameshika begi lako la maua. Nikachungulia nyuma yake, nikatoka mpaka barabarani kukutafuta. Ndipo akanipa barua. Nimeisoma na kuirudia, bado siamini. Umezaliwa hospitali hii hii, ghorofa ya chini, leo unaomba ruhusa kama mtalii! Nilimtukana yule karani, nikazitukana serikali zote mbili, nikajitukana mwenyewe. Mumeo alinisikiliza bila kuelewa hata neno, akanimiminia chai.

Hatuna lugha. Tunaongea kwa vidole na nyusi. Kukunja shuka hajui kabisa, ila miguu yangu anaipandisha kitandani taratibu sana.

Ujumbe wako wa leo nimeuona. Jibu la viza yako ni baada ya siku kumi. Mimi naingia kesho asubuhi. Usijilaumu, mama. Ila imeniuma.

Muuguzi ametoka hapa sasa hivi. Ameuliza ndugu yangu wa karibu ni nani, wa kuitwa likitokea la kutokea. Nikakutaja wewe. Akasema uje usaini. Nikamwonyesha mumeo.

"Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu."

Mumeo akasaini jina ambalo hata kulitamka siwezi.

Fuatilia viza yako. Wakikuuliza mwenyeji wako ni nani, waambie ni baba yako, na kesho anapasuliwa.

Baba yako