Ndege Iliyotangazwa Mara Tatu

Kosmas, ndugu yangu,

Ile ndege sikuinunua. Nakuanzia hapo kwa sababu najua ungeruka salamu zote uulize hilo tu.

Tangu tukuzike Kigonsera, mambo yamekwenda mbio. Kahawa sasa ananunua yeyote mwenye gari na mizani, siyo ushirika peke yake, nami nimo. Mbinga wananiita bosi, na unavyonijua, nimelipenda jina. Nikakumbuka mipango yetu: kindege kidogo, wewe rubani, mimi abiria mnene. Basi niliposikia mfanyabiashara mmoja anauza chake, cheupe chenye mstari mwekundu, nilikwenda Songea nimevaa kama bwana harusi.

Njiani ndipo nikakusikia. "Ndege haiposwi kimya kimya. Itangazwe mara tatu kama ndoa kanisani, mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema." Sisi tulicheka, wewe hukucheka. Ulikuwa umerusha ndege miaka mingi kabla ya kurudi kulima, na hakuna jibu ulilolichukia kama "haina neno". Ulisema kwetu mkubwa akiuliza, tunajibu hivyo hata kama paa linawaka, tukidhani ni adabu. Na kule juu, ulisema, adabu hiyo inaua.

Kwa hiyo nikatangaza. Kwanza nilimuuliza rubani wake, Alfonsi, baba mpole wa watoto wadogo, kama ndege ina kasoro yoyote. Bosi wake alikuwa amesimama pembeni.

"Shikamoo mzee. Haina neno."

Tukapanda kuijaribu. Kosmas, nimeiona Mbinga kutoka juu! Niliyaona mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha milimani, na shamba lako nikalijua kwa ile migomba, nikalia mbele za watu. Kisha ziwa likatokea, tukageuzia juu ya kijiji cha Mbaha. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Nikauliza tena, bosi akiwa kiti cha nyuma. "Haina neno, mzee." Nilikuwa karibu kuamini, maana nilitaka kuamini.

Mara ya tatu nilimchukua Alfonsi peke yake kwa pikapu yangu mpaka Kitai, tukaagiza ugali na samaki. Habari za ubovu wa ndege sikuzigusa. Nilimuuliza tu, "Mama watoto umeshampandisha ile ndege?"

Akaacha kula. Akanawa mikono, na samaki bado mzima kwenye sahani.

"Mzee, mimi nina kazi hii moja tu."

Nikamwambia jina lake halitatoka kinywani mwangu. Wewe nakutajia kwa sababu najua hutamwambia mtu. Ndipo akasema: pangaboi la mbele liliwahi kugonga ardhi wakati wa kutua. Wakafunga jipya, wakapaka rangi, lakini injini haikufunguliwa kuangaliwa kama chuma kinacholizungusha kimepata ufa.

Nilimwambia mwenye ndege afungue injini mbele ya fundi nitakayemleta mimi. Aliponiuliza kwa nini, nikasema ni desturi ya kwetu Mbinga. Alikasirika, akasema wanunuzi wako tele. Na kweli akampata mwingine. Nilimfuata hata huyo, nikamsihi aombe injini ifunguliwe. Alidhani nina wivu. Sijui alifanya nini.

Huenda ndege ilikuwa nzima. Inaniuma, maana nilitaka kuipa jina lako. Badala yake nakula vumbi la barabara kama zamani, na mjini wananitania kwamba bosi ameogopa kuruka. Waache wacheke.

Nakuahidi jambo moja. Kila nitakayemuuliza kama kuna hatari, nitamtoa kwanza mbele ya bosi wake, hata kama bosi mwenyewe ni mimi. Madereva wangu nimeshaanza kuwauliza kupitia kwa mke wangu. Ungeyasikia wanayomwambia kuhusu breki!

Sasa nikuage. Siku ile makaburini, padri aliuliza kama rafiki wa marehemu ana la kusema. Nilisimama, nikalitazama jeneza.

"Haina neno, Baba," nikajibu, nikakaa.

Lilikuwepo, Kosmas. Nilikuwa bado nakuhitaji.

Pumzika, ndugu yangu.

Osmundi wako