Uzi Haujui Mlima

Jumamosi, 2 Novemba

Baba amekubali! Maneno matatu tu, huku akikata kucha mlangoni: "Haya, tutaenda wote." Miaka kumi na tisa anaendesha basi kuvuka mpaka na kurudi, na sisi tunabaki kumpungia mkono. Sasa ana likizo ya siku nane mwezi ujao. Tutapita njia ileile, ila kwa gari dogo, tukisimama tunapotaka. Miji ya kale! Vijiji ambavyo atlasi imeviandika kwa herufi ndogo kama mchanga!

Gari anatuazima shangazi. Sharti lake ni moja: hakuna kula ndani. Mdogo wangu Kiroboto (hajawahi kukaa kitako dakika tano, ndiyo maana tunamwita hivyo) akauliza kama kutafuna ubani ni kula. Shangazi akasema kwa mtoto kama yeye, hata kupumua mdomo wazi ni kula.

Halafu swali: nani apange njia? Mimi nilikuwa nimeinamia kitabu. Sikuthubutu kujitaja. Baba akaninyooshea kile kikata kucha. Usukani wangu, akasema, karatasi zako.

Nilikwenda jikoni nikanywa maji, glasi mbili.

Jumapili, 3 Novemba

Kikao kwenye meza ya mama ya kukatia vitambaa. Mama anashona sare za shule, na mwezi huu nyumba nzima ni ya kijani. Tuliketi katikati ya mikono ya mashati na kola.

Tumekubaliana kila mtu achague kituo kimoja. Kiroboto anataka mji wenye mnara wa ngazi mia tatu na kumi. Atazihesabu mwenyewe, maana hana imani na vitabu. Mama anataka kijiji cha wafinyanzi. Kule wanawake hawatumii gurudumu. Mtungi umetulia, mfinyanzi ndiye anayeuzunguka, kinyumenyume. Mama kasema mgongo wake utafurahi kukutana na wenzake.

Baba alikawia. Kisha: mji wa kuta. Tulishangaa, si anapita hapo mara mbili kila wiki? Akaeleza kwamba basi husimama kituo cha mafuta, ng'ambo ya lango. Dakika nane kwenda, dakika nane kurudi. Anawaona watu wanaingia langoni, wengine wanatoka. Kuna nini ndani, hajui.

"Matuta ya barabara yao nayajua yote," akasema. "Ndani ya mji wao sijaweka hata kisigino."

Mama aliacha mkasi mezani akamtazama. Na mimi nilimtazama. Nilidhani baba ameshaona kila kitu.

Zamu yangu. Kijiji cha kilimani, chenye maktaba ya chumba kimoja. Vitabu vina miaka mia nne na vimefungwa kwa minyororo kwenye rafu, visiibiwe. Huwezi kwenda navyo kitini. Unasimama, unasoma palepale vilipo. Nilisoma habari zake mwaka jana na sijapata kuzisahau. Nilieleza kwa sauti ndogo sana. Kiroboto akauliza: nani amefungwa?

Jumanne, 5 Novemba

Nimepima njia yote! Nilichukua uzi wa kijani wa mama, nikaulaza juu ya barabara za atlasi, kona kwa kona, nikiubana kwa pini. Kisha rula. Sentimita moja ni kilomita kumi. Kutoka kwa wafinyanzi hadi maktaba yangu: sentimita tisa. Kilomita tisini. Mwendo wa saa moja na nusu.

Nimechora jedwali kwa kalamu nyekundu na ya bluu. Kuondoka, kufika, kupumzika. Mchana wa Jumatano tuko maktaba. Ni lazima iwe Jumatano, siku nyingine hawafungui.

Nimelitazama jedwali langu mara nyingi kuliko inavyostahili. Darasani leo mwalimu wa hesabu aliniuliza jambo, nikamjibu "kilomita tisini." Walicheka wote. Sikujali sana. Hili ni jambo jipya.

Alhamisi, 7 Novemba

Baba amerudi. Alikula, akaoga, akaomba karatasi zangu. Akasoma jedwali polepole, kidole chini ya kila mstari, kama anakagua tiketi. Siku ya kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Siku ya pili, sawa. Alipofika kilomita tisini zangu alianza kucheka, na si kidogo: alivua miwani akafuta macho.

"Umepima kwa kitu gani, mwanangu?"

Kwa uzi.

"Uzi haujui mlima."

Kumbe! Ile barabara ina kona hamsini na mbili. Amezihesabu yeye, mwaka ule daraja la barabara kuu lilipobomoka na mabasi yote yakazungushiwa huko. Lori moja likikutangulia, anasema, unapanda kwa mwendo wa bi harusi. Ni mwendo wa saa nne, na hapo una bahati.

Nilitamani meza inimeze. Kalamu mbili za rangi, na sikufikiria mlima! Lakini baba hakuzitupa karatasi. Alisema kwingine kote nimepanga vizuri kuliko ofisi yao. Kisha akatoa hukumu ya basi. Kwenye basi lao, aliyeshika nafasi ana siku ya mwisho ya kuithibitisha, mpaka saa kumi na mbili jioni. Asipofanya hivyo kiti anapewa mwingine, hata awe mtoto wa nani. Na vituo vyetu vitakwenda hivyohivyo. Mama ameshawaandikia wafinyanzi, wakamjibu kwa picha ya mtungi. Mnara uko wazi kila siku. Lango la mji wa kuta halijawahi kufungwa. Kilichobaki ni changu tu.

"Alhamisi ijayo," akasema. "Ukithibitisha, tutaondoka alfajiri na kona zote nitazipanda bila kunung'unika. Usipothibitisha, sipandi mlima kwenda kutazama kufuli."

Ni haki. Ndiyo inayouma.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkutubi wa shule amenitafutia ukurasa wa kijiji kwenye kompyuta yake. Picha ya mlango mdogo, na chini yake mistari miwili kwa lugha ya kule: maktaba hufunguliwa Jumatano kwa wageni walioomba. Piga simu.

Hakuna anwani ya barua. Hakuna pa kuandika ujumbe. Nilimwomba atazame tena. Akatazama. Simu tu, akasema, kisha akanitazama juu ya miwani. Ananijua. Mimi ndiye mwanafunzi anayerudisha vitabu wakati yeye amekwenda kunywa chai.

Jumapili, 10 Novemba

Lugha yao nimejifunza miaka miwili, kwa kitabu. Naisoma bila shida. Kuisema sijawahi, isipokuwa kwa kabati la nguo.

Nilimwomba baba anipigie yeye. Si anaisikia kila wiki? Akasema anajua maneno yanayomtosha, akayataja yote: songa nyuma, shuka, mzigo huo hauingii, mbuzi analipiwa.

"Nimwambie mwenye maktaba asonge nyuma?"

Mama alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Nikamgeukia yeye. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kiroboto akadakia kwamba dada hawezi kuinama, dada ni redio isiyo na betri.

Lakini jioni baba alikaa nami kwenye benchi la nje, akajifanya mwenye ufunguo wa maktaba. Nilisoma sentensi yangu kwenye karatasi. Nimeiandika mara sita. Habari za leo, samahani kwa usumbufu, sisi ni watu wanne, tunaomba kuiona maktaba Jumatano ya tarehe kumi na moja mwezi ujao. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akajibu kwa lugha ileile, sauti nzito kabisa: "Mbuzi analipiwa."

Tulicheka hadi jirani akachungulia. Sijacheka hivyo na baba siku nyingi. Kwa kweli huwa hayupo.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilipiga. Ikaita mara tatu. Mtu akapokea, akasema kitu kimoja kirefu chenye alama ya kuuliza mwishoni.

Nikakata.

Nimemkatia mtu simu! Mtu mzima, nyumbani kwake! Pengine alikuwa na unga mikononi. Nimekaa chooni nusu saa.

Jumatano, 13 Novemba

Leo sikupiga. Nilimaliza mazoezi ya fizikia, nikamsaidia mama kugeuza kola ishirini na nne, nikafua soksi ambazo hazikuwa chafu. Mama alinitazama nikifua.

Nimejiambia safari ni nzuri hata bila maktaba. Ni kweli. Wafinyanzi, mnara, baba akiingia lango lile hatimaye. Wangu wote ndani ya gari moja kwa siku nane, ubani marufuku. Naridhika. Nimeandika naridhika, na bado nahesabu kona.

Kiroboto kaniuliza kitandani kama mtu akitaka kusoma kitabu chenye mnyororo halafu akapiga chafya, nani anakifuta. Nikamwambia sijui. Akasema basi nikawaulize.

Alhamisi, 14 Novemba

Saa kumi na moja na dakika hamsini. Simu ya mama mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unaandika.

Nimepiga. Amepokea mwanamke, sauti ileile ya Jumatatu. Nimesoma sentensi yangu yote, mpaka nukta. Kimya. Nikadhani amekata yeye, na ingekuwa halali yangu. Kumbe alikuwa anamnyamazisha mtoto. Akaniomba nirudie, polepole. Nimerudia! Akauliza kama ni mimi niliyepiga Jumatatu. Nikasema ndiyo. (Ningeweza kusema siyo. Sikuwahi hata kufikiria.) Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Amesema ufunguo uko kwa baba mkwe wake, naye mzee yuko juu ya paa, anabadilisha vigae. Atampelekea simu. Nisikate.

Sikati.

Nasikia ndara zake. Lango la bati. Kuku. Nyundo, mbali, sasa karibu. Baba amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Kiroboto ameng'ang'ania mguu wake na, ajabu, hasogei. Mama amezima cherehani.

Nyundo imenyamaza. Wanazungumza, mmoja juu mmoja chini, kwa kelele, kama watu walio ghorofa mbili tofauti. Nimeshika neno "wanne." Nimeshika "wa mbali." Mzee anasema kitu kuhusu Jumatano na mwanamke anambishia. Sijui nani anashinda.

Sasa mzee mwenyewe. Anapumua kwa nguvu, ameshuka ngazi. Hakunisalimu. Ameuliza jambo moja tu, polepole, kama anayemuuliza mtoto: katika vile vitabu, ni kipi nataka anifungulie?

Hilo sikuliandika popote. Karatasi haina jibu lake.

Baba ananyoosha kidole kwenye saa. Mzee anasema, haya?

Naweka kalamu chini, niongee.