Mkono wa Ivo

Zelinda, uko? Mkutano wa ushirika umekwisha sasa hivi. Nimekimbilia hapa kanisani nikueleze.

Unajua kazi ya mashuka ya hoteli imepungua. Basi mwenyekiti Learco akatuonyesha picha ukutani. Uswidi, asiye na kazi hutunzwa na serikali. Kwa Wabaski wa Hispania, ushirika ukizidiwa, wafanyakazi huhamishiwa ushirika mwingine. Akauliza, "Sisi wafua mashuka tufuate ya nani?"

Nives huyo, kasimama! "Ya Wabaski! Kule hafukuzwi mtu. Learco, leo angalau umeleta la maana." Tukacheka. Akawa wa kwanza kunyoosha mkono, sote tukanyoosha. Hata mimi, Mungu anisamehe.

Ndipo Learco akasoma majina. Kumi na wawili wanahamia ushirika wa Ravenna, kwa treni kila asubuhi. Asiyeweza kusafiri peke yake atabaki nyumbani kwa posho ya serikali. Wa kwanza kubaki: Ivo.

Ivo, Zelinda! Kaka yake Nives, mtu wa miaka hamsini mwenye akili ya mtoto. Miaka ishirini anakunja mashuka, hajui kingine.

"Ivo? Ivo wangu?"

"Umechagua mwenyewe, Nives," Learco akamjibu.

"Nilichagua asifukuzwe mtu!"

"Hajafukuzwa. Atapumzika."

"Ivo wangu," akasema tena, akageuka kumtazama kaka yake.

Unajua Nives alivyomfundisha: nikinyoosha, nawe nyoosha. Sisi tulikuwa tumeshashusha mikono zamani. Wa Ivo ulikuwa bado juu, anamchekea dada yake.