Pete ya Baba na Betri ya Trekta

Lodwar, 2013

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na mvua ya huko Kisauni? Mimi mzima, ila jua la huku, Mama, acha tu! Spana ukiisahau nje saa sita, huishiki tena bila kitambaa. Ningepiga simu, lakini hili nataka Dada Zuhura akusomee polepole, maana nina ombi.

Unamkumbuka Ekai, yule fundi mwenzangu Mturkana, mcheshi? Mkononi ana bangili ya shaba aliyovishwa na mama yake akiwa kijana, na haijatoka tangu hapo. Tukigusa umeme wa trekta huizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Majuzi tulikuwa Katilu, kwenye mashamba ya kando ya mto Turkwel. Zamu ya maji imewadia, trekta imegoma kuwaka, akina mama wamesimama na mbegu zao. Ekai akauvua ule mpira, akafungia paipu ya dizeli iliyokuwa ikivuja. Kisha tukataka kuitoa betri. Waya wa hasi ndio hufunguliwa kwanza siku zote, lakini nati yake ilikataa kwa kutu. Akaniambia, "Wacha tuanze na hii ingine, watu wanangoja."

Mama, betri ile ukiishika kwa mikono mitupu huhisi kitu chochote. Hata kuku haimshtui! Lakini spana ilikuwa kwenye chanya, bangili ikagusa spana huku na bodi ya trekta, iliyoungwa na waya wa hasi, kule. Paa! Cheche za buluu, na shaba ikawaka nyekundu mkononi mwa mtu. Nikamvuta kwa shati, tukaanguka chali wote wawili. Nguvu zote zile zilikuwa zimekaa kimya ndani ya kisanduku ninachokibeba kwapani kila siku!

Tukammwagia maji ya mfereji. Mkono ukavimba, bangili ikazama kwenye nyama. Muuguzi wa zahanati akasema ikatwe sasa hivi, la sivyo damu haitapita na vidole vitakufa. Ekai akakataa katakata. "Hii mama alinivalisha. Hakuna mtu atakata, labda yeye."

Mama yake akafuatwa kwa pikipiki. Akaja, bibi mwembamba, shanga mpaka kidevuni. "Ejok," akanisalimu. Alipouona mkono hakulia. Akapenyeza kipande cha ngozi chini ya bangili, akaomba msumeno wa chuma, chombo ambacho hajawahi kukishika, akakata mwenyewe, taratibu, mpaka ikaachia. Akasema, "Mkono ni ya mtoto yangu. Chuma nitapata ingine." Niliyelia ni mimi, Mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Vidole vinacheza, alhamdulillahi. Bangili tumeitundika kwenye msumari mlangoni mwa gereji, na kila fundi huvua saa na pete zake hapo kabla ya kazi. Kila fundi isipokuwa mimi.

Pete ya fedha ya marehemu Baba, uliyonivisha siku naondoka ukasema isitoke mpaka nirudi, bado iko kidoleni. Tangu ajali ya Ekai sijagusa betri. Nabadilisha matairi tu, na Ekai ananicheka, bendeji mkononi. Sitaki kuivua kwa siri. Mama, niruhusu.

Nisalimie Dada Zuhura, shemeji yangu mvuvi wa usingizi, na Bi Mwanakombo jirani, mwambie mahamri yake nayaota.

Mwanao, mwenye vidole kumi hadi leo,
Athumani