Ofisi Moja ya Kulinda Siri za Wote

Mjukuu wangu Furaha, huko Mbarara,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Haya, nadanganya: ile fasi ya barua inayotaja kompyuta, Pasta ndiye alinisomea. Hapa Nakivale tuko wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha, wote wana sura yako.

Unauliza kama ni vizuri nchi nyingi ziweke ofisi moja ya kulinda mitandao, kila nchi iiambie inapoficha siri zake. Mimi nauliza: nani ataiambia ukweli?

Kule kwetu Kivu, nikiwa kijana, vilima vitatu tuliweka walinzi wa pamoja juu ya wezi wa ng'ombe. Kila kilima kilitakiwa kuwaonyesha bonde kinamoficha ng'ombe wake, ili wezi wakija, walinzi wakimbilie huko. Kwetu nilitumwa mimi.

"We mjinga," baba akaninong'oneza, "wale wa vilima vya ng'ambo ndio wezi wenyewe. Waonyeshe bonde lingine!"

Nikawaonyesha bonde tupu, tena kwa heshima mingi.

Wezi wakaja kweli. Walinzi wakakimbilia bonde tupu, wakalilinda vizuri sana. Ng'ombe wetu wote wakaenda. Kumbe vilima vyote vitatu vilikuwa vimeonyesha mabonde matupu. Baba hakunitazama usoni wiki nzima, wala mimi sikumtazama.

Basi ofisi waiweke. Wewe angalia tu kila nchi inaonyesha bonde gani.

Halafu, uliahidi kunifungia simu kwa namba ya siri, maana bibi yako anasoma meseji zangu. Uje Jumamosi. Nikiwa naiandika hiyo namba, wewe geuka utazame ukuta.

Babu yako