Sakafu ya Wavu

Jumatatu, 4 Septemba

Mahrukh amefika na masanduku mawili. Binti wa baba mdogo, kutoka Narowal. Atakaa kwetu mpaka chuo chake kifunguliwe. Mama amempa kitanda cha kaka Waqas, kile cha chini ya feni!

Shule nimemaliza, matokeo mazuri, kaka yuko Sharjah. Nilijua zamu yangu imefika. Nani mwingine wa kumshikia Baba futi? Viwanda vingi hapa Sialkot vina paa la juu sana na hewa tupu katikati. Baba huweka humo ghorofa ya chuma: nguzo, mihimili, ngazi, na mwenye kiwanda anapata sakafu ya pili bila kununua kiwanja. Michoro nachora mimi tangu darasa la nane. Watu wa nje hawajui, na sitaki wajue. Lakini Baba...

Wakati wa chakula Mahrukh akasema, "Baba Mkubwa, nichukue kazini, nitaota ukungu humu ndani!" Wote wakacheka. Maneno hayo mimi nilikuwa nayo mdomoni wiki nzima.

Jumatano, 6 Septemba

Tumekwenda sote kiwanda cha glavu cha Haji Inayat. Haji yuko Karachi. Nyumba yake na kiwanda vimeshikana ukuta. Baba akasema mmoja anamtosha kazini, mwingine aingie kwa wanawake akasalimie. Nilikuwa bado natafuta namna ya kusema "mimi" — Mahrukh kajifunga ushungi, futi mkononi!

Nikanywa chai na Bi Mkubwa, mama yake Haji. Kutoka ng'ambo ya ukuta nilimsikia Baba anacheka. Nyumbani hachekagi hivyo.

Jioni hadithi ikawa moja tu. Mahrukh alimwuliza Baba: juu si yatakaa maboksi tu? Basi asitandike bamba zima la chuma, atandike wavu, mwanga upite, wakata ngozi wa chini waone hata umeme ukikatika. Baba akapiga paja. "Huyu ana kichwa!"

Fundi Boota akanuna kwa mzaha. "Bosi, mimi nimezeekea kwako, hujawahi kunisifu hivyo."

"Hujawahi kufikiri hivyo."

Wazo ni zuri. Hilo ndilo linaloniuma. Na nani kaambiwa auchore huo wavu, tundu kwa tundu? Mimi. Vidole vimekufa ganzi.

Ijumaa, 8 Septemba

Mama alinituma nirudishe bakuli la Bi Mkubwa. Akanikalisha, akanijaza halua, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, mwambie baba yako, juu hatuweki maboksi tena. Nitawapandisha wasichana wangu wanaoshona vidole vya glavu. Hapa uani jua linawakaanga. Wanaume chini, sisi juu, kila mtu na staha yake. Haji nimeshamwambia kwa simu, kasema nimpelekee fundi habari. Sasa mimi nitapaza sauti ukutani kumwita baba yako? Ndiyo maana Mungu kakuleta wewe."

Ndivyo habari zinavyokwenda kwetu. Mwanamke kwa mwanamke, mpaka zimfikie mwanamume wa nyumba. Nikasema, "Ndiyo, Bi Mkubwa."

Njiani nikasimama ghafla. Wavu! Wasichana wamekaa juu, wakata ngozi chini, na katikati matundu niliyoyachora mwenyewe. Mtu hana haja hata ya kuinuka. Ainue uso tu.

Nikakimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa mlangoni anamfundisha Mahrukh kusoma pima maji — ile aliyoniambia mimi nisiiguse. Nikapita. Nitasema kesho.

Jumapili, 10 Septemba

Sijasema.

Jumanne, 12 Septemba

Wavu umefika, Boota anauchomelea. Mahrukh karudi na masizi puani, Mama akamfuta kwa ncha ya ushungi wake kama mtoto mchanga. Baba hamwiti tena kwa jina. "Mhandisi wangu." Mhandisi!

Nikimenya vitunguu saumu niliiona kichwani siku ya kufungua sakafu ile. Wasichana wanateremka ngazi wanapiga kelele. Bi Mkubwa anauliza, nani kaleta wavu huu? Mahrukh kainamisha kichwa. Mahrukh yuko stendi na masanduku yake mawili. Nilifurahi kweli. Vitunguu vikaisha sijui saa ngapi.

Halafu nikawaza: nani atamwuliza Mahrukh? Watasema fundi gani huyu, hana mabinti nyumbani kwake? Baba zao watawaachisha kazi wale wasichana. Na Baba yangu atapita soko la vyuma watu wakimnong'ona.

Alhamisi, 14 Septemba

Nilimpelekea Baba chai makusudi. Alikuwa peke yake. "Weka hapo, mama," akasema, macho kwenye karatasi. Nikaweka. Nikatoka.

Siku zote nasema mimi mwoga wa kusema. Leo sikuogopa. Sauti ilikuwepo kabisa. Sikutaka tu.

Ijumaa, 15 Septemba, asubuhi

Leo baada ya sala wanafungua. Haji karudi. Itasomwa Qur'ani, peremende zimeagizwa. Baba ataonyesha kazi, kisha wanawake watapanda kuitazama.

Kwenye kifungua kinywa Mahrukh akasema, mdomo umejaa, "Baba Mkubwa, mimi nilipiga kelele tu. Aliyeichora sakafu ile ni Tehmina, tundu kwa tundu, nimemwona. Mpe heshima yake. Wanawake wakipanda, atangulie yeye."

Baba akanitazama. Akanitazama sana. "Kweli. Atangulie yeye."

Nilitaka niendelee kumchukia Mahrukh. Hata hilo kaninyang'anya!

Sasa ananipigia pasi shalwari ya samawati, yake mwenyewe, ananikemea nisikunje uso. Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati. Boota bado ana plaiwudi kwenye gari, zile za kazi ya wiki iliyopita. Zinatosha. Zikilazwa juu ya wavu sasa hivi, kabla ya sala, hakuna atakayejua kitu.

Baba yuko mlangoni, kashavaa viatu. Anauliza. Anauliza kwa upole, kama jambo dogo: "Tehmina, kabla sijamkabidhi Haji kazi yake — Bi Mkubwa hakukuachia neno lolote siku ile? Wanawake hawakosi neno."

Mahrukh ana pini mdomoni, kanishika ushungi begani. Naye kageuka, anasubiri nijibu.

Nimemwambia Baba angoje nimalize mstari huu. Ameegemea mlango. Anangoja.